Muulize Mzee wa Ungo: Sky One ilitoka wapi, na imeishia wapi?

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba Sky One, chaneli ya tivii ya Uingereza, ilifungwa 2021, nikapita zangu kwenye mambo ya ving'amuzi vya huku kwetu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja za Leicester, Mombasa, Tanga, mpaka Muscat, kwa hiyo ukurasa wa leo wote nawapa, bei za vifurushi tutazijadili toleo lijalo.

SWALI: Mzee wa Ungo shikamoo. Mimi nipo Leicester tangu miaka ya tisini, nimefika hapa sijui Kiingereza cha kuombea maji, nikajifunzia kwenye tivii, Sky One ndo ilikuwa shule yangu, ile katuni ya Simpsons na ile mieleka. Mume wangu anabisha kwamba chaneli ilianza 1989 na ni ya Murdoch, yule tajiri wa magazeti, toka siku ya kwanza, mimi nilisikia ilikuwa ya mtu mwingine. Tuamulie. (Mama wa Leicester)

JIBU: Marahaba mama. Baba hajakosea sana, 1989 ndo mwaka Waingereza wengi walipoifahamu, ila chaneli ilishakuwa na miaka saba hewani, na kichekesho ni kwamba hiyo miaka ya mwanzo Waingereza wenyewe walikuwa hawaioni.

Aliyeianzisha anaitwa Brian Haynes. Alikuwa mtengeneza vipindi pale Thames Television, akafanya kipindi kuhusu Ted Turner wa Marekani, yule aliyechukua stesheni yake ndogo ya Atlanta akairusha kwa setilaiti ikaonekana nchi nzima, basi Haynes akarudi London hana usingizi, kwa nini Ulaya isiwe hivyo hivyo. Akafungua kampuni, Satellite Television Limited, na tarehe 26 Aprili 1982 wakaingia hewani, saa chache tu za jioni, kwa kutumia setilaiti iliyoitwa OTS. Sasa hiyo OTS ilirushwa 1978 kwa ajili ya majaribio, haikutengenezwa ili mtu akae sebuleni kwake aangalie tamthilia. Nguvu yake ilikuwa ndogo, kuinasa unahitaji dishi la mita kadhaa, nani analo hilo nyumbani? Kwa hiyo kampuni za kebo ndo zilikuwa zinainasa halafu zinawapelekea watu kwa waya, Norway huko, Finland, baadaye Uswisi na kwingine. Yaani chaneli inatengenezwa London inaangaliwa Oslo.

Pesa sasa ndo ikawa shida. Watazamaji wametawanyika nchi tofauti, lugha tofauti, muuza sabuni gani atalipia tangazo moja la Kiingereza kwa Mfini na Mswisi kwa pamoja? Kampuni ikawa inavuja tu. 1983 ndo anaingia Rupert Murdoch, kampuni yake ya News International ikachukua asilimia 65. Januari 1984 jina likabadilishwa kuwa Sky Channel, na mwezi huo huo ikaonekana Uingereza kwa mara ya kwanza, kwenye kebo ya mji wa Swindon. Mama, ukitaka kumkomesha baba muulize tu Swindon, atanyamaza.

Vipindi vya enzi zile vilikuwa vya kuungaunga, video za muziki kwa wingi, tamthilia zilizokwisha kuonyeshwa kwingine, na watoto walikuwa na DJ Kat, paka wa kitambaa anayeendesha kipindi pamoja na dada mmoja wa Kiholanzi, Linda de Mol. Huyo Linda kaka yake ni John de Mol, ambaye baadaye alikuja kuleta Big Brother. Dunia ya tivii ndogo sana.

SWALI: Mzee, mi fundi wa madishi hapa Tanga. Kuna mteja aliwahi kuniambia Uingereza zamani walikuwa na dishi la mraba, nikamwambia anaota. Ni kweli?

JIBU: Fundi, mwombe radhi mteja wako. Lilikuwepo, liliitwa Squarial, bapa, la mraba, upande mmoja haufiki hata nusu mita. Lilikuwa la BSB, kampuni ya setilaiti iliyoshindana na Sky, na kisa chake ndo kinaeleza kwa nini Sky ilibaki hai.

Iko hivi. Serikali ya Uingereza ilishatoa leseni rasmi ya setilaiti kwa BSB, kampuni yenye wakubwa nyuma yake, na masharti juu, lazima watumie mfumo mpya wa picha unaoitwa D-MAC, lazima wawe na setilaiti zao. Murdoch akazunguka nyuma ya nyumba. Juni 1988 akatangaza kwamba ataleta chaneli nne, lakini atakodi nafasi kwenye Astra 1A, setilaiti ya kampuni ya Luxembourg, kwa hiyo yale masharti ya leseni ya Uingereza hayamhusu, na picha atarusha kwa PAL ile ile ambayo kila tivii ilikuwa inaielewa. Astra ikapanda Desemba 1988 kwa roketi ya Ariane kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, na tarehe 5 Februari 1989 Sky ikawasha chaneli nne kwa mpigo: Sky Channel, Sky News, Sky Movies na Eurosport. Astra ilikuwa na nguvu ya kutosha kwa dishi la sentimita 60, hapo ndo siri yote ilipo fundi, wewe unaelewa tofauti ya kubeba sentimita 60 mgongoni na kubeba lile dishi la wavu la mita tatu. Alan Sugar wa Amstrad, kampuni ya vifaa vya elektroniki, akapewa kazi ya kuyatengeneza, bei ikatangazwa paundi 199.

Usifikiri ilikuwa mteremko. Siku ya uzinduzi madukani madishi hayapo, watu wanatangaziwa chaneli ambazo hawana cha kunasia. Ikabidi Sky ipeleke mawakala nyumba kwa nyumba kukodisha madishi. Na wenye mitaa yao ya kistaarabu wakawa wanayadharau, dishi ukutani ikawa alama ya mtu wa nyumba za kupanga za halmashauri, hata halmashauri zenyewe zingine zikawa zinaleta za kuleta eti yanaharibu sura ya mtaa. Dharau hiyo haikuisha haraka.

BSB nao wakachelewa mpaka 1990. Ile Squarial walipoionyesha mara ya kwanza kwa waandishi ilikuwa sanamu tu, haifanyi kazi, teknolojia yenyewe ilikuwa bado inahangaikiwa. Walipoingia hewani chaneli yao ya burudani iliitwa Galaxy, nayo kwa kweli ilikuwa na vipindi vyake vya maana kuliko Sky, hilo niliseme wazi. Ila pande zote mbili zilikuwa zinachoma hela kwa kasi ya kutisha, na tarehe 2 Novemba 1990, BSB hata mwaka hawajamaliza, wakaungana ikawa BSkyB. Kwenye karatasi ni muungano, kwa vitendo Sky ndo waliokaa kwenye kiti. Galaxy ikazimwa, nafasi yake ikawekwa Sky One. Squarial zikabaki ukutani hazina kazi, setilaiti walizokuwa wanazitegemea walikuja kuacha kuzitumia.

Jina la Sky One nalo limetokea hapo katikati, tarehe 31 Julai 1989, kwa sababu ile Sky Channel ya Ulaya nzima ilishakuwa haina maana tena, wakaamua iwe ya Uingereza na Ireland.

SWALI: Mambo Mzee. Mi wa Mombasa, nataka kujua tu, babangu alikuwa na dishi kubwa sana miaka hiyo na alikuwa akishika vitu vingi vya Waarabu na Wahindi, lakini Sky One hakuwahi kuipata. Ilikuwa mbali sana ama?

JIBU: Poa kijana. Hapana, haikuwa mbali, na hili ndo jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye mada hii. Setilaiti za tivii zinakaa juu ya mstari wa ikweta, kilomita kama 36,000 kwenda juu, haziwezi kukaa juu ya London hata ukitaka. Astra za Uingereza tangu 1998 ziko nyuzi 28.2 mashariki. Sasa chukua ramani, fuata ikweta mpaka 28.2, umefika wapi? Mashariki ya Kongo, msituni, kati ya Kisangani na Butembo. Yaani Mwingereza wa Leicester akitaka burudani dishi lake linainama kusini-mashariki kutazama anga la watu wanaoongea Kiswahili cha Kongo. Hata ile Astra 1A ya kwanza, nyuzi 19.2, ilikuwa juu ya Kongo hiyo hiyo, upande wa Mbandaka.

Kwa hiyo setilaiti babako alikuwa nayo karibu kuliko Mwingereza. Tatizo ni kwamba antena za setilaiti zinaelekezwa, miale yote imepelekwa Ulaya, wewe uliye chini yake unapata patupu. Na kadiri miaka ilivyokwenda wakazidi kubana, Astra 2E, 2F na 2G zilizorushwa kati ya 2012 na 2014 zina miale ya Uingereza iliyokatwa vizuri zaidi, mpaka wazee wa Kiingereza waliohamia Hispania wakaanza kulia, wengine walishafunga madishi makubwa kama ya babako na bado picha inakatika.

Ndo maana pia mafundi wa huku na wa kule hawafanani kazi. Kule dishi limesimama linaangalia chini chini juu ya paa la jirani, ukiota mti mbele yake basi. Huku Mombasa au Nairobi setilaiti ya nyuzi 36 iko karibu utosini, dishi limelala linatazama mbingu, mvua ikinyesha maji yanatuama ndani na kunguru anakuja kunywa.

SWALI: Kwani Sky One ilikuwa ya bure au ya kulipia? Kaka yangu aliyekuwa Uholanzi anasema aliangalia bure kabisa. (Msomaji, Muscat)

JIBU: Kaka yako anasema kweli, inategemea ni mwaka gani. Mpaka 1993 Sky One ilikuwa wazi, mtu yeyote Ulaya mwenye dishi la Astra anaangalia, Mholanzi, Mjerumani, yeyote. Kilichokuwa kinafungwa ni sinema. Tarehe 1 Septemba 1993 wakaleta kifurushi cha Sky Multi-Channels, Sky One ikaingizwa ndani ya kufuli la VideoCrypt, unahitaji kadi, na kadi ya halali inauzwa Uingereza na Ireland. Kuanzia hapo kaka yako ama alihama chaneli ama alipata kadi ya mtaani, simuulizi.

Mi naona hapo ndo Murdoch alipoonyesha ujanja wake wote. Miaka minne anawalisha watu bure. Simpsons ilianza kuonekana Uingereza kwenye Sky One, Septemba 1990, na BBC hawakuipata mpaka Novemba 1996, miaka sita hiyo, mtoto wa shule akitaka kumjua Bart ni lazima kwao kuwe na dishi au aende kwa jirani. Ilikuwa rahisi kwake kwa sababu Fox ya Marekani iliyokuwa inatengeneza Simpsons nayo ilikuwa yake. Mieleka ya WWF nayo, Sky iliwanogesha Waingereza mpaka SummerSlam ya Agosti 1992 ikahamishiwa Wembley, British Bulldog akampiga Bret Hart mbele ya watu wake. Mwezi huo huo ndo Ligi Kuu ya England inaanza kwenye Sky Sports, mechi ya kwanza ya Jumapili ilikuwa Nottingham Forest na Liverpool, Teddy Sheringham akafunga, moja bila. Mwaka mmoja baadaye ukimwambia mtu lipia hata burudani, atakataa vipi? Dishi liko ukutani, watoto wanalia, baba anataka mpira.

SWALI: Mzee, kuna timu inaitwa Harchester United kweli? Nimebishana na mtu kijiweni.

JIBU: Haipo, haijawahi kupanda wala kushuka daraja. Ni timu ya tamthilia ya Dream Team, Sky One, 1997 mpaka 2007, jezi za zambarau. Ila siwezi kumlaumu huyo jamaa wa kijiweni kwa sababu walichanganya na watangazaji wa kweli wa Sky Sports na picha za mechi za kweli, mtu akifungua tivii katikati anaweza kudhani ni taarifa ya michezo. Mpaka aone wachezaji wanavyokufa. Hiyo klabu ilikuwa na nuksi, ajali ya basi, risasi, kila msimu msiba. Mimi naiweka juu kuliko vitu vingi vya bei mbaya walivyonunua Marekani, ni ya kwao, imejaa uswahili wa mpira, na hakuna mwenye akili timamu angeitoa kwenye BBC.

SWALI: Kipindi kile cha 24 cha Jack Bauer na Lost tulikuwa tunaangalia kwa CD za mtaani hapa Dar. Shemeji yangu aliye Birmingham alikuwa anatuambia kwake zimekatwa ghafla. Walikatiwa nini?

JIBU: Shemeji yako alikuwa mteja wa Virgin Media, kampuni ya kebo, si wa Sky. Turudi nyuma kidogo. 24 ilianzia BBC, misimu miwili, kuanzia wa tatu Sky One wakaibeba. Lost ilianzia Channel 4, nayo misimu miwili, ilipofika wa tatu, Novemba 2006, Sky One hao. Mchezo wao ulikuwa huo, acha wenzako wapande na kumwagilia, watu wakishanogewa unatokea na hela nyingi unavuna.

Wakati huo huo Sky na kampuni za kebo walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Novemba 2006 kampuni ya kebo, ambayo ndo ilikuja kuitwa Virgin Media, ilikuwa inaitaka ITV, ile kampuni kubwa ya tivii, Sky wakaingia ghafla wakanunua asilimia 17.9 ya ITV, mpango ukafa. Richard Branson wa Virgin akafura. Halafu mkataba wa chaneli za kawaida za Sky kwenye kebo ukawa unaisha, Sky wanataka hela zaidi, Virgin wanasema hizo chaneli zenu mbona watazamaji wanapungua. Tarehe 1 Machi 2007 zikazimwa, Sky One, Sky News na nyingine, katikati ya msimu, Jack Bauer anafukuzana na watu hamjui mwisho. Zilirudi Novemba 2008. Mwaka na miezi minane ndugu yangu! Mlioangalia kwa CD za mtaani mlimaliza kabla ya mwenye kulipia bili Birmingham.

SWALI: Sasa kama ilikuwa na vitu vyote hivyo, iliuawa na nini? Netflix? (Mama wa Leicester tena)

JIBU: Mama umerudi, karibu. Netflix imechangia lakini mi simwekei lawama yote. Sky One ilifanyiwa kile anachofanyiwa mtoto wa kwanza kwenye nyumba yenye watoto wengi, yeye ndo analea wadogo zake, na kila nguo nzuri akinunuliwa anaambiwa mpe mdogo wako.

Angalia mwenyewe. Februari 2011 Sky wakafungua Sky Atlantic, wameshafunga mkataba na HBO ya Marekani, kwa hiyo Game of Thrones na vile vitu vizito vyote vikaenda huko. Drama kubwa nyingi haziji tena Sky One. Ikabaki zaidi na vichekesho na michezo ya kufurahisha, An Idiot Abroad ambapo yule Karl Pilkington anapelekwa kuona maajabu ya dunia na yeye analalamika tu kuhusu vyoo, halafu A League of Their Own ya James Corden na akina Jamie Redknapp. Vizuri tu. Kisha 2019 ikaja Sky Crime, Januari 2020 Sky Comedy, Mei 2020 Sky Documentaries na Sky Nature kwa pamoja. Uhalifu umepata kwake, vichekesho vimepata kwao, wanyama wamepata kwao. Chaneli inayobeba kila kitu inabaki na nini?

Na mwenye nyumba alishabadilika. 2018 kulikuwa na mnada, Comcast ya Marekani ikampiku Fox, ikainunua Sky kwa kama paundi bilioni 30, Murdoch akauza hisa zake akatoka. Hao wapya hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya Swindon wala DJ Kat. Tarehe 1 Septemba 2021 Sky One ikaondolewa, umri miaka 39, namba yake ya chaneli, 106, akapewa Sky Showcase, ambayo ilikuwa kama dirisha la duka, ikikuonyesha kidogo kidogo cha kila chaneli, na vipindi vyake vingi vikahamia Sky Max. Mwezi uliofuata wakaanza kuuza Sky Glass, tivii inayopokea kila kitu kwa intaneti. Haina haja ya dishi.

Nyongeza kwa msomaji wa Muscat aliyeuliza pembeni kama A League of Their Own nayo ilikufa siku hiyo: hapana, ilivuka na wenzake kwenda Sky Max. Na fundi wa Tanga, nimepata ile picha yako ya kunguru amejenga kiota kwenye mkono wa LNB, kile kichwa cha dishi kinachonasa mawimbi, tafadhali mwondoe kwanza kabla hujaniuliza kwa nini signo inashuka jioni.